Moshi wa Jikoni kwa Bibi Yako

Mwanangu Yunisi,

Salamu tuziache, maana mchana huu tumekula sahani moja na shikamoo yako nimeipokea tangu asubuhi. Umeteremka kwa bibi yako kumuaga, na mimi nimebaki mezani na kalamu nyekundu ya kusahihishia, kwa sababu ya bluu umeipakia kwenye begi lako. Nivumilie. Ukiona wino mwekundu usidhani nakusahihisha wewe. Safari hii madaftari yanayosahihishwa ni yangu.

Mambo ya neti, ya kuchemsha maji, ya kutokula kwa mtu usiyemjua, akina mama wa kanisani walikuusia jana mpaka nikakuona unapiga miayo ndani ya kiganja. Sina la kuongeza hapo. Kesho alfajiri utapanda gari la kwenda Lushoto, utateremka kwa Soni mpaka Mombo, na jioni, Mungu akipenda, utakuwa Dodoma. Wiki ijayo utaanza kusomea saikolojia. Ulipojaza ile fomu hukuniuliza. Nilipokuuliza kwa nini saikolojia na si ualimu wala uuguzi, ulinijibu, "Naipenda tu, Baba," ukaendelea kuchambua mchicha. Walimu wenzangu walinipongeza, wakasema mtoto amefuata nyayo za baba yake. Nilicheka nao, lakini moyoni niliingiwa na hofu, kwa sababu nadhani najua ni nyayo zipi unazozifuata na zinaelekea wapi.

Ukiwa kidato cha tatu uliniuliza swali moja, nami nikakujibu vibaya. Barua hii yote ni ya swali hilo. Siwezi kulifikia moja kwa moja, naona haya, kwa hiyo niruhusu nizunguke kidogo.

Nilikwenda chuo cha ualimu nikitokea hapa hapa Mlola, kijana ambaye hajawahi kusikia mtu akieleza kwa nini watu wanafanya wanayoyafanya. Kwetu mtu mkali alikuwa mkali, mtu mvivu alikuwa mvivu, basi. Siku ya kwanza mkufunzi wetu akachora ubaoni visanduku vitatu, kimoja akakiita fikra, cha pili hisia, cha tatu matendo, akaviunganisha kwa mishale. Akasema mtu ni hivyo. Nilivipenda vile visanduku mpaka nikakosa chakula cha mchana nikivinakili. Nilinunua daftari lenye jalada gumu jekundu kwa ajili ya somo lile peke yake, na unalijua, ndilo lile ambalo hukuruhusiwa kulishika.

Somo lililonikaa kuliko yote lilikuwa la tabia. Tabia inayolipwa hurudi. Tabia isiyolipwa huzimika yenyewe, hata bila kiboko. Nilipopangiwa kurudi kufundisha hapa nikalijaribu kwa darasa la tatu, watoto sitini na zaidi waliokuwa wakipiga kelele kuliko mnada. Nilikata nyota kwa karatasi za rangi, nikabandika kadi ya manila ukutani, anayekaa kimya anapata nyota, anayepiga kelele simwoni wala simsikii. Baada ya mwezi darasa lilikuwa limetulia. Mwalimu mkuu akaja kuchungulia dirishani akifikiri nimewaruhusu nyumbani. Nakuambia haya ili ujue kwamba somo halikuwa la uongo. Lilifanya kazi kwa kelele za darasa la tatu, na kwa hilo sina cha kujutia.

Halafu mama yako akafariki, ukiwa na miaka saba.

Sitakusimulia ugonjwa wake, unaujua kadiri unavyotaka kuujua. Nitakusimulia jioni zilizofuata, kwa sababu hizo sina hakika unazikumbuka jinsi nizikumbukavyo mimi. Mama yako Mariamu, enzi za uhai wake, alikuwa akirudi kutoka shambani kwenye saa kumi na mbili, na wewe ulikuwa ukimngojea pale njia inapokata kona kwenye mipeasi, umpokee jembe. Tulipokwisha kuanua matanga na watu kurudi makwao, uliendelea kwenda pale. Ulisimama mpaka kuku walipoingia bandani, kisha ukaanza kulia. Ulilia kwa sauti kubwa, ukiita, na jirani zetu wote wa ng'ambo ya bonde walisikia.

Siku mbili za kwanza nilikuja nikakubeba. Siku ya tatu nikafungua daftari jekundu.

Daftari lilisema nilichotaka kusikia. Ukimbeba mtoto anayelia, umekilipa kilio. Kesho atalia tena. Usimwendee mpaka anyamaze, na akinyamaza tu, mwendee mara moja umsifu. Basi siku ya tatu ulipoanza kulia niliingia ndani nikafunga mlango. Nilikaa na saa yangu ya mkononi na karatasi. Nikaandika dakika arobaini. Kesho yake thelathini na tano. Halafu ishirini na nane. Nilichora grafu, Yunisi. Mama yako hajamaliza miezi miwili kaburini, hatua chache kutoka nyumba hii, na mimi nachora grafu ya kilio chako kwa rula. Ilishuka vizuri, kama barabara ya Soni kwenda Mombo.

Katika siku hizo kuna moja ambayo ulitoka kwenye mipeasi ukaja mlangoni. Ulibisha. Ukasema, "Baba, fungua." Ukasema hivyo mara tatu, ya mwisho kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Sikufungua. Daftari lilisema usifungue mpaka anyamaze, na nilipohesabu dakika mbili za ukimya nikafungua mlango nikitabasamu, nikakupa nyota ya rangi ya chungwa. Uliishika. Ulisema, "Asante, Baba." Sijapata kusikia asante iliyonichoma kama ile, na wakati ule haikunichoma hata kidogo. Nilifurahi kwamba mbinu inafanya kazi.

Na usidhani nilikuwa na somo moja tu la kukuumiza. Tulifundishwa pia kwamba mahitaji ya mtu yamepangwa kama ngazi. Kwanza chakula na mahali pa kulala, kisha usalama, kisha upendo, kisha heshima, na kuendelea. Nilijiambia nikikamilisha ngazi ya kwanza na ya pili, ile ya tatu itajipa. Kwa hiyo nilipaka chokaa chumba chako, nikabadilisha bawaba za dirisha, nikakununulia maziwa kila siku. Chakula ulikuwa hukigusi. Uji ulikuwa unaganda mbele yako mpaka unafanya ngozi, na mimi nashangaa mtu gani huyu anaruka ngazi. Nilikosea kusoma. Wewe ulikuwa na njaa ya kitu kimoja, na bila hicho kile kingine hakikupita kooni.

Nilikujaribia hata vile visanduku vitatu. Nilikukalisha kitini nikakueleza kwamba hisia hutokana na fikra, na ukibadilisha fikra, hisia itafuata. Nikakwambia ufikirie kwamba mama yuko mahali pazuri. Ulifumba macho ukafikiria, nakuona bado ulivyokaza uso kwa kutii. Ulipofumbua ukaniuliza, "Nimefikiria, Baba. Mbona tumbo bado linauma?" Nikakwambia ufikirie zaidi.

Baada ya wiki sita grafu iligusa sifuri. Jioni hukwenda tena kwenye mipeasi. Ulikuwa unatoka shule, unavua sare, unateremka kwa bibi yako kumsaidia kupika, na unarudi giza likianza kuingia, macho mekundu, unanukia kuni. Nilikuuliza macho yana nini. Ukasema, "Moshi." Ilikuwa kweli kwamba jiko la mama yangu lina moshi, kila aliyewahi kuingia mle ametoka anapangusa macho. Nikaona mtoto wangu ameacha kulia na sasa ni msaada kwa bibi yake. Nikaongeza mstari kwenye kadi ya manila niliyokubandikia wewe hapa nyumbani, nikauandika "Kumsaidia Bibi", nikawa nakupa nyota kwa huo pia. Ulizipata nyota nyingi. Kwa nyota thelathini nilikununulia viatu vyeusi vya mkanda, na Krismasi ulivaa ukasimama kwenye kwaya ya watoto, na watu wakaniambia nimepata mtoto shujaa.

Niliichukua ile kadi nikaenda nayo Lushoto kwenye semina ya walimu. Jina lako sikulitaja, nilisema "mtoto mmoja wa kike, umri miaka saba, amefiwa na mzazi." Nilionyesha grafu. Nilisema kilio kimezimika kabisa ndani ya wiki sita bila adhabu yoyote. Walimu walipiga makofi, na wengine wakaja kuinakili wakati wa chai. Tangu hapo nikawa naitwa kwenye shule hii na ile kuelezea. Nilishonesha suti. Watu wakawa wananiita Mwalimu wa Saikolojia, na sikumkataza mtu.

Ulipofika miaka tisa, kikohozi cha bibi yako kilizidi, nikaamua kumjengea jiko sanifu lenye bomba la kutolea moshi. Nilimleta fundi, nikaleta matofali. Siku hiyo wewe, ambaye hukuwa unanibishia hata kwa neno, ulisimama mbele ya matofali ukaniambia, "Usimjengee, Baba." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema ugali wa moshi ni mtamu. Nilicheka, na kesho yake nikawachekesha walimu ofisini kwa hadithi hiyo.

Jioni ile fundi alipokwenda zake, mama yangu aliniita. Alinisemesha kwa Kishambaa, na hapa nakuandikia kwa Kiswahili ingawa makali yake yanapungua. Aliniita mghoshi, kama anavyomwita mwanamume asiye wa kwake, nikajua nimekosa.

"Mghoshi uliyesoma," alisema, "mtoto wako analia hapa kila siku. Anakuja, anapuliza moto, moshi ukijaa ndiyo analia. Nikimuuliza anasema moshi. Mimi nimezeeka humu ndani, macho ya moshi nayajua na macho ya mtu aliyefiwa nayajua."

Akanionyesha pembeni mwa mafiga. Kulikuwa na kuni chache za mti wa mwati, mbichi, amezitenga na zile kavu. Akasema hizo huzichanganya jioni, ukikaribia kufika, ili moshi usipungue. Hakusoma hata darasa moja, Yunisi, na alikuwa na mpango wake. Alivumilia kukohoa miaka miwili mizima ili wewe upate mahali pa kulia.

Sasa nikuulize, wewe unayekwenda kusomea mambo haya: baba aliyeambiwa maneno kama hayo afanye nini? Hata mtoto wa darasa la tatu angejibu. Mimi nilimwambia fundi asirudi. Nikawatangazia watu kwamba mama yangu amekataa jiko la kisasa, wazee hawapendi mabadiliko. Yale matofali nikajengea ukingo wa bustani, na bado yako pale. Nikakuachia moshi wako, nikaona nimefanya ubaba. Kuteremka mwenyewe, nikae karibu na mafiga, sikuteremka hata siku moja. Kadi ya manila niliiondoa ukutani nikaiweka kwenye faili. Niliendelea kwenda nayo kwenye semina.

Ndipo tunalifikia lile swali.

Ulirudi likizo, kidato cha tatu, umerefuka. Tulikuwa tunamenya viazi. Ukaniambia kwamba mwalimu wenu wa malezi aliwafundisha habari za mtoto mmoja wa huku milimani aliyefiwa na mama yake, akazoezwa kuacha kulia kwa nyota za karatasi. Uliisimulia taratibu, mpaka rangi ya chungwa uliitaja. Hukusema "ni mimi". Uliendelea kumenya, kisha ukaniuliza, "Baba, yule mtoto alipona?"

Nilijua unachouliza. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa habari za moshi, miaka mingi nyuma. Nilikuwa na kila kitu mkononi cha kukujibu kama mtu. Nikasema, "Tabia ilibadilika."

Ulisema, "Asante, Baba." Ukabeba sufuria ukaenda kusuuza viazi.

Nimejibu maswali mengi ya wanafunzi vibaya, mengine kwa kutojua, mengine kwa uchovu. Hilo nililijibu vibaya kwa makusudi. Niliihofia suti yangu. Niliogopa wale waliopiga makofi. Na chini ya hofu hizo kulikuwa na nyingine ya zamani zaidi, na hiyo ndiyo ninayotaka kukukabidhi, kwa sababu kwenye vitabu vyenu sidhani kama utaikuta na jina langu.

Mwezi uliopita, ulipopata barua ya chuo, nilichukua daftari jekundu nikitaka nikupe uende nalo. Nikalipitia kwanza. Kwenye ukurasa ule ule wa tabia isiyolipwa, pembeni, nimeandika mwenyewe kwa kalamu ya kijani maneno ya mkufunzi: "Kabla ya kuizima tabia, uliza inamwombea mtoto nini." Nimeyapigia na mstari. Nilikuwa nayo siku zote, mwanangu. Ukurasa niliousoma jioni ile nikiwa na saa mkononi ulikuwa na onyo lake pembeni, na jicho langu lililipita.

Nimejiuliza sana lilipitaje. Jibu ni hili. Ile jioni uliyobisha, sikuwa nimekaa kitini na saa. Nilikwambia hapo juu kwamba nilikaa na saa na karatasi, na jioni nyingine ilikuwa hivyo, lakini si hiyo. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango huohuo uliokuwa unaugonga, nimeuma mkono wa shati nisisikike. Zile dakika mbili za ukimya nilizohesabu zilikuwa zangu. Nilikuwa nangoja mimi ninyamaze. Kilio chako kilikuwa kinasema maneno yangu yote kwa sauti mbele ya jirani, na nilikuwa mwanamume, mwalimu, mjumbe wa baraza la wazee wa kanisa. Sikuweza kukuzuia kwa kiboko, maana nakupenda, kwa hiyo nikakuzuia kwa elimu. Woga wangu niliupa jina la saikolojia, na kwa kuwa lilikuwa jina la kitaalamu, hakuna aliyenihoji.

Sitaki uende huko ukiichukia kazi hiyo. Utaonyeshwa michoro mizuri kuliko visanduku vyangu, ya kinachomsukuma mtu, ya hasira inavyopanda, ya akili inavyokumbuka na kusahau. Ipende kama nilivyoipenda. Mimi sikuharibiwa na mchoro. Ila siku utakapoona nadharia fulani inamweleza mtu vizuri mno, na wewe unapata nafuu kwa kuwa sasa huna haja ya kumkaribia, simama hapo kidogo. Kwangu ile nafuu ndiyo ilikuwa dalili, nami niliidhania ushindi. Hilo tu, mengine watakufundisha.

Wiki iliyopita nilipita mlangoni kwako ukipanga nguo. Ulikuwa umeshika kitenge cha mama yako, kile cha zambarau, umekiweka usoni. Uliponisikia ulikikunja, ukageuka, na uso wako ulikuwa mkavu, umetulia, unatabasamu. Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Ukaniuliza kama nataka chai. Nilisema ndiyo, nikaenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta. Ule uso niliutengeneza mimi kwa nyota za karatasi. Nimekuona ukiuvaa ulipofeli hisabati, nimekuona ukiuvaa ulipougua malaria mpaka ukatapika, nimekuona ukiuvaa mazishini kwa rafiki yako. Kesho unakwenda kuuvaa Dodoma, mahali pasipo na bibi wala kuni mbichi. Na ikitokea siku ukaumizwa na mtu, au ukaugua, au ukashindwa, utanipigia simu na kuniambia uko salama, na mimi sitakuwa na namna ya kujua. Hilo ndilo linalonitisha. Najua ni haki yangu.

Nikuambie na lingine, usije ukafikiri nimekwisha kuwa mtu mpya. Juzi juzi waliniita tena kwenye semina, walimu vijana, ajira mpya. Niliamka nimeazimia kuwaambia ukweli. Nilisimama, nikatoa kadi, nikawaona wamefungua madaftari yao, kalamu ziko tayari, na wananitazama kama nilivyomtazama mkufunzi wangu. Nilisema, "Kila mtoto ni tofauti." Wakaandika. Nikaendelea na grafu. Nimerudi nyumbani siku hiyo nikakukuta umenipikia, nikala bila kukutazama. Kwa hiyo aibu ninayoandika hapa si ya zamani iliyokwisha kupoa. Ni ya juzi.

Swali lako la viazi nalijibu sasa. Yule mtoto alipona? Sijui. Nilipima dakika, nikahesabu nyota, na kumuuliza mwenyewe sikumuuliza. Namuuliza leo. Ana haki ya kutonijibu. Ana haki ya kunijibu kwa miaka, kidogo kidogo, kwa simu, hata kwa kunilaumu, na akilia katikati sitakata wala sitasema neno la kitabu. Nitakuwepo tu upande wa pili.

Barua hii nilipanga niifiche kwenye begi lako, chini ya kitenge, uikute ukiwa umeshapita Mombo. Nimeandika mpaka hapa nikiwa na mpango huo. Lakini nimenyanyua kichwa sasa hivi na dirishani naona moshi unatoka kwenye paa la jiko la bibi yako, mzito, wa kuni mbichi. Ugali wa jioni bado mapema. Nimekaa nautazama, na nimeona kwamba kukuachia barua ukaisome kwenye basi ni ule ule mlango. Ni mimi tena, nimeegemea upande wa ndani.

Kwa hiyo siifichi. Nateremka nayo. Kadi ya manila nimeitoa kwenye faili, nakuja nayo pia, tutaitia chini ya mafiga au utafanya nayo utakavyo, ni yako. Nitainama pale mlangoni, maana paa la mama yangu ni la chini, nitakupa karatasi hizi mkononi, na nitakaa kwenye kigoda wakati unasoma. Sitashika saa.

Ukifika kwenye mstari huu nitakuwa hapo mbele yako. Nitakuuliza macho yana nini. Nakuomba, mwanangu, usiniambie ni moshi.

Baba yako.